Sahani ya Mia Nne na Kumi na Tatu

Mkuu wa shule ameniomba mistari mitatu tu
ya kuandikwa kwenye cheti, chini ya nembo,
kwa wino wa dhahabu ulionunuliwa Mbeya mjini.
"Mwalimu wa Kiswahili utakosaje maneno?"
Nimekaa na mistari hiyo tangu Jumatatu.
Cheti kinataka "utumishi uliotukuka".
Mimi nakumbuka kuni mbichi.

Tukuyu haina kuni kavu, Mzee Ambwene,
hilo unalijua kuliko aliyepanga ratiba ya uji.
Mvua huanza Novemba, na ikifika Mei
hujifanya inaaga, kumbe imesahau mwavuli, inarudi.
Magogo ya mkaratusi yanatoka povu, yanalia,
nawe saa tisa usiku umepiga goti, unapuliza,
macho mekundu, mashavu yamejaa,
mpaka moto unaona haya, unawaka.

Miaka thelathini na minne.
Masufuria matatu yamekufa mikononi mwako;
la nne lina kiraka ulichokigonga mwenyewe
kwa bati la bweni lililoezuliwa na upepo.
Wakuu wa shule saba umewapikia:
mmoja hakula maharage,
mmoja aliyahesabu.

Na wewe, hesabu ulifundishwa na nani?
Daftari la stoo lilisema mia nne na kumi na mbili.
Ulipika kwa mia nne na kumi na tatu.

Mwaka ule nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.
Nyumbani ni Lwangwa, na nauli sikuwa nayo,
na hata ningekuwa nayo, ningemwambia nini mama?
Nikalala nyuma ya banda la kuni,
daftari la Jiografia chini ya kichwa.
Jioni, juu ya gogo la kupasulia,
sahani ya bati, imefunikwa kwa jani la mgomba.
Hukuniita. Hukukohoa hata.
Siku tisa, sahani tisa.
Ya kumi ulikuja na shoka:
"Kijana, anayekula kwangu hupasua."
Nikapasua. Viganja vikatoka malengelenge,
na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuona aibu kutafuna.

Ada ilikuja baadaye, mjomba aliuza ndama.
Lakini ndama hakunilisha zile siku tisa.

Jina lako, kwa Kinyakyusa, ni "ameniona".
Waliokupa walimaanisha Mungu, sibishani nao.
Ila sisi wa nyuma ya kuni
(maana nimekuja kujua hatukuwa mmoja,
kila mwaka alikuwako wa kumi na tatu wake)
tunalisoma jina hilo kwa namna yetu.

Kesho utavalishwa shada la karatasi.
Utapewa blanketi, bati ishirini,
na saa ya ukutani: wewe, uliyeamsha majogoo!
Afisa elimu atakuita Ambonisye,
utapiga makofi hivyohivyo.

Nimemwonyesha Mkuu rasimu yangu:
*Alipika.
Alikosea hesabu kila siku.
Tulishiba.*
Akaukata mstari wa pili kwa kalamu nyekundu.

Basi jana nikapita jikoni nikuulize wewe.
Gesi imefika, mitungi minne, jiko linameta.
Ulikuwa ukimwelekeza Tusekile, mpishi mpya:
chumvi mwishoni, maharage ya Uyole hayataki haraka,
mwiko usiugonge ukingoni, unaamsha wagonjwa.
Ukawasha. Moto wa bluu, mnyoofu, kimya.
Ukauzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa jirani.
"Haulii," ukasema.
Nikauliza: Mzee, tuandike nini?
Hukunisikia, au ulisikia ukaliacha lipite.
Ulikuwa unatazama dirishani, kwenye mvua,
mafundi wakipima kamba kuzunguka lile banda.
"Wakilivunja," ukaniuliza, "watoto watajificha wapi?"