Nusu ya Nusu Toni

Thirza Coulthard aliingia karakanani kinyumenyume,
mlango ameusukuma kwa kisigino,
yufoniamu kifuani kama mtoto aliyesinzia safarini.
"Bwana Pallister anasema naiharibu bendi nzima.
Nibadili midomo, au nibadili chombo."

Shaba imechujuka. Mhuri wa kiwanda umelika nusu.
Baba wa babu yake, Ambrose, aliipuliza Jumapili,
siku sita nyingine akichimba makaa chini ya bonde hilihili la Durham.
Mgodi ulizibwa. Bendi ikabaki.

Nikaanzia pale fundi yeyote huanzia:
kumshuku mpigaji.
Hebu puliza. Akapuliza.
Midomo haikuwa na kosa.
Sindano ya kipimio ikaenda kulia, ikalala kulia,
noti ya chini, noti ya juu,
zote zimepanda kwa kiasi kilekile,
nusu ya nusu toni.
Nikaivuta neli kuu. Nikaivuta tena,
mpaka ikawa imeshikilia kwa ukucha tu,
na sindano, kulia.

Mwachie hapa, nikamwambia. Rudi Ijumaa.

Kulikuwa na makosa mengine, ya aibu ndogondogo.
Kizibo cha tundu la mate kimekauka kama kokwa;
nikachonga kipya kwa wembe.
Vitambaa vya sufu chini ya vitufe
vimesagwa na vidole vya miaka mia,
pistoni ya pili ikawa inazama kupita kiasi,
tundu halikutani na tundu,
ndiyo maana noti ile ilinung'unika.
Nikaomba sigara kwa jirani, mimi niliyeacha,
nikapuliza moshi ndani, nikangoja:
uzi wa buluu ukachomoza kwenye pindo la chini,
pale shaba ilipooza wekundu kutokea ndani.
Kiraka, upana wa ukucha. Lehemu. Tupa. Kitambaa.

Ikaacha kunung'unika. Ikawa safi.
Safi, na bado juu.

Hapo ndipo nikacheka, peke yangu, na tupa mkononi.
Haikupotoka kamwe. Iliundwa juu,
enzi bendi zote za huku zilipopiga juu,
kisha watu wakaketi mezani mahali fulani
wakakubaliana kushuka,
na hakuna aliyeiambia shaba.

Dawa ya ufupi ni urefu.
"Iunge hapohapo kwenye neli yake, uilehemu," alisema Pallister kwa simu,
"tuna mashindano mwezi ujao."
Lakini kwenye neli ile, upande usioonekana,
mtu alikwaruza kwa msumari A na C,
C imekwenda kombo, huenda mikono ilikuwa na baridi.
Sikuigusa.
Nikakata neli nyingine, mpya,
ndefu kwa karibu sentimita nne kila mguu,
nikaikunja juu ya moto mdogo,
nikaisugua hadi ikateleza bila kulegea.
Neli za vali zilihitaji kuvutwa tu:
milimita mbili, tano, saba.
Nikazitia alama kwa penseli ya seremala,
maana Thirza ana haraka, kama wote wa miaka kumi na sita.

Nikapuliza. Sindano ikapanda, ikasita,
ikasimama wima.

Risiti nimeiandika: kizibo, vitambaa, kiraka, neli moja.
Neli fupi nimeiviringisha ndani ya soksi,
nikaiweka kwenye kona ya kasha
pale Ambrose alipoacha kijisanduku cha peremende, kitupu.
Atauliza ni ya nini sasa.
Sijui nitamjibuje.

Ila jana usiku, kabla sijaifunga,
nilikizima kipimio,
nikairudisha ile fupi mahali pake
na kupiga noti moja, ndefu, hadi pumzi ikaniishia.
Madirisha yalitikisika kidogo.
Peke yake vile, gizani,
haikuwa juu ya kitu chochote.