Mshenga wa Kutu

Baba yake, fundi wa kufuli mjini Tabriz,
alipigana na kutu miaka arobaini
kwa msasa, mafuta ya taa na matusi.
Aytak anaipika.

Anaipika nyeusi, laini kuliko wanja,
chembe ambazo hadubini ya darasani haizioni,
kisha anatia kidogo, ncha ya kijiko,
kwenye chupa ya vimiminika viwili visivyosemezana.

Nje theluji. Ndani mshenga kaingia:
anamshika huyu, anamvuta yule,
maneno yao hatuyasikii.
Saa moja na nusu, wawili ni molekuli moja,
na mshenga hadai hata chai.

Aytak anabandika sumaku ubavuni mwa chupa.
Weusi wote unakimbilia ukutani
kama watoto walioitiwa uji.
Anamimina, anasuuza, anakausha, anarudia.

Tisini na sita kwa mia. Tisini na tano. Tisini na tano tena.
Mara ya sita: themanini na moja.
Yashar ananong'ona: iache hiyo, nani atajua?

Anaiandika.
Hata mshenga huchoka, asema,
akifuta vidole
kwa kitambaa cha baba yake,
kilekile,
bado kinanuka mafuta ya taa.