Mwisho wa Februari, Gereji ya Tabata

Jua limekaa utosini, halina habari ya kuondoka,
nami nanunua waipa.
Muuza spea wa Shaurimoyo ananitazama
kama mtu aliyeombwa blanketi saa saba mchana.
"Dada, mvua yenyewe iko wapi?"
Iko njiani. Toa jozi moja, na unipunguzie.

Mwaka jana aliyecheka ni mimi.
Mwaka jana, usiku wa zamu, Mto Mbezi ulipanda barabarani
bila kupiga hodi,
gari likakohoa mara mbili, likanyamaza,
nikageuza ufunguo tena.
Sekunde moja tu.
Deni lake la vikoba nimelimaliza Jumanne iliyopita.

Fundi Pazi amelala chini ya Spacio,
naona kandambili zake tu, moja bluu, moja njano,
na sauti inatoka uvunguni kama ya mganga:
"Sikiliza, nesi.
Maji yakifika kitovu cha tairi, rudi ulikotoka.
Likizima majini, usiwashe.
Toka, sukuma, lia ukitaka,
ila ufunguo weka mfukoni."
Naitikia kwa utii ule ule
ninaowadai wajawazito wangu wodini.

Tairi za nyuma kashata imekwisha,
laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa arobaini.
Betri imeota ukoga wa kijani;
Ulimboka anaumwagia maji ya moto, unachemka, unaachia.
Kwa spoku ya baiskeli anachokonoa vitundu vya chini ya milango,
vumbi la Goba linadondoka, jekundu, mafungu mafungu,
"ili maji yakishaingia yajue pa kutokea."
Plagi zinavuliwa, zinapulizwa. Nyaya zinapakwa grisi.
Taa zinasuguliwa kwa dawa ya meno
hadi mtoto wa jicho unawatoka.

Kisha, chini ya tairi ya spea, Ulimboka anaibua kasha la plastiki
lenye maandishi ya Kijapani,
na ndani yake minyororo miwili ambayo haijajua kutu.
Gereji nzima inasimama.
"Ya kufungia mbwa," anasema mmoja.
"Mbwa gani, wa futi nane?"
Pazi anafuta mikono kwenye suruali,
anaisogeza picha ya kasha karibu na pua:
tairi imevaa mnyororo, imekanyaga kitu cheupe.
"Theluji hiyo," anasema. "Kumbe hili ni gari la baridi."

Miaka mitatu naliendesha,
na kila nikiwasha, mwanamke mmoja mpole
ananiuliza kwa Kijapani habari za kadi ambayo sina.
Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu
alipiga magoti kando ya magurudumu haya, vidole vikifa ganzi,
akaliandaa gari kwa mwezi wake mbaya
kama ninavyoliandaa kwa wangu.
Yeye aliogopa kuteleza. Mimi naogopa kuelea.
Sijui kama naye alikuwa na zamu za usiku.
Sijui ng'ambo ya ule weupe alikuwa akisubiriwa na nani.

Pazi anaitaka minyororo. Atafungia geti,
na pesa ya ufundi atanisamehe.
Nakaribia kukubali: nimebakiwa na elfu kumi na moja
na mafuta sijaweka.
"Irudishe," nasema.
"Goba hakuna theluji, nesi."
"Najua. Irudishe."

Ananiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo,
chini ya jina la mwenye bajaji.
Najaribu waipa juu ya kioo kikavu:
zinakwaruza, zinalalamika,
zinaacha pinde mbili safi katikati ya vumbi.

Kwenye matuta ya Makuburi minyororo inagonga huko nyuma,
na yule mwanamke anauliza tena.
Bado, mama, namwambia.
Pumua. Bado wiki tatu.