Shuka Kwanza

Saa nane usiku simu ililia Pasua,
sauti ikikatika kama uzi mbovu:
"Mama Haika… mgumu mmoja… Shira… hapumui vizuri."
Nikavaa koti la marehemu baba juu ya kanga,
nikaupapasa ufunguo ndani ya kopo la kahawa.
Landrova ikakohoa mara tatu, ndipo ikakubali.

Boma Ng'ombe wamelala.
Sanya Juu mbwa mmoja tu alitubwekea,
mimi na Aminiel fundi, aliyepanda na koleo,
waya, na maandazi sita ya jana.
Getini Londorossi mlinzi aliandika namba ya gari,
herufi moja, mwayo, herufi nyingine,
akafungua.

Misonobari ya kupandwa ilisimama mstarini kama wanafunzi,
kisha ikakoma ghafla, ukaanza msitu wenyewe
ambao hakuna aliyeupanga:
mitarakwa, mizeituni mwitu,
kuvumwani zikining'inia, zikipangusa kioo
kabla ya waipa.

Baba aliiendesha njia hii miaka ishirini na miwili
akanifundisha jambo moja,
mengine nilijifunza kwa kuharibu:
Shuka kwanza.
Usilitume gari pale ambapo mguu wako haujafika.
Nikiwa msichana nilidhani ni woga wa uzeeni.

Nikashuka.
Dimbwi la kwanza, fimbo ikagonga jiwe. Tukapita.
Dimbwi la pili, tope zito kama mtori,
fimbo ikazama, ikagoma kurudi.
Fowili. Gia ile ndogo kabisa.
Injini ikaguna kama mtu anayehamisha kabati peke yake,
tairi la nyuma likala tope, likatutapikia.
Aminiel akachimba, akatukana, akamwomba Mungu radhi,
akachimba.

Kona iliyofuata, mbele ya taa,
kinyesi cha tembo kikifuka moshi.
"Mwenye njia hayuko mbali," akasema Aminiel.
Nikazima taa, nikazima injini.
Matawi yakavunjika kushoto, bila haraka.
Tukagawana andazi gizani.
Dakika kumi na moja: nilizihesabu
kwa pumzi za mtu aliye juu, nisiyemjua.

Msitu ulipoisha ulianza umande uliogeuka barafu,
na tochi nne, na godoro, na yeye.
Ndetaramo wa Machame, midomo rangi ya jivu,
kiatu cha kulia kimefungwa kwa waya wa umeme.
Wenzake walimwinua kama wanavyoinua mzigo wa mgeni,
kwa adabu, bila kuutikisa.

Kushuka ndiko kugumu; gari linataka kukutangulia.
Nikafungua mlango nipime mteremko wa kwanza.
Sauti ikatoka nyuma, nyembamba:
"Usishuke, mama. Hapo shika kushoto, kulia kuna shimo."
Nikageuka. Macho yake yamefumba.
"Sasa jiwe bapa. Lipande."
"Sasa mzizi… mwingine… acha breki, itakuteleza."
Miaka tisa alikuwa ameishuka njia hii
siku ambazo magari yaligoma,
mtungi wa gesi kichwani, mvua mgongoni,
na kila jiwe alilijua kwa kisigino.

Sikushuka hata mara moja.
Baba angenigombeza,
au pengine angenyamaza, akaelewa
kwamba kuna aliyeshuka kabla yangu, miaka tisa,
na hakuna aliyeandika.

Kila kona pumzi yake ilirefuka kidogo.
Kwenye misonobari aliomba maji.
Karibu na geti akauliza kama yale yanayonukia ni maandazi.

Mlinzi akafungua daftari lake, kalamu ikigugumiza kwa baridi.
Namba ya gari, akaijaza.
Saa ya kutoka, akaijaza.
"Dereva?" akauliza.
Nikakitazama kioo cha nyuma,
nikachelewa kidogo kulitaja jina langu.