Hesabu ya Vikombe

Wamekuja tena wanafunzi, wanne, na daftari zao.
Wamevua viatu mlangoni, wamekaa mkekani kwa adabu
kama watu waliokuja kuposa.
Wanataka maisha ya marehemu:
kitabu kipi kilizaliwa wapi, na kwa uchungu gani.
Nawaambia, kunyweni kahawa kwanza.

Cha kwanza kilitoka mizanini.
Miaka kumi na mmoja Swaleh alipima pamba ya watu kinuni,
na jiwe moja lilikuwa zito kuliko namba yake.
Yeye alijua. Wenye mashamba hawakujua.
Alinyamaza, maana kodi ya chumba cha Barani hainyamazi,
na siku alipoacha kazi akakaa akaandika kurasa mia tatu
za karani asiyenyamaza.
Magazeti yakamwita jasiri.
Mimi nilimwona usiku, akinawa mikono mara ya tatu.

Cha pili ni mimi. Msinitazame hivyo.
Yule Zena mwenye ulimi wa upupu,
anayetupa cherehani kisimani kwa hasira, ndiye mimi,
ila sikuitupa: niliiuza kwa fundi mmoja wa Maweni,
na pesa zile ndizo zilizonunua karatasi
alizonitukania.

Cha tatu, hospitali. Kifua kilimlaza miezi miwili
kando ya mpishi wa hoteli aliyeweweseka kwa Kitaliano.
Mpishi alifariki Jumanne;
Ijumaa alikwisha kuwa sura ya kwanza.
Nikasema, Swaleh, hata arobaini ya mtu haijafika!
Akasema, maneno hayakai eda.

Nje mkokoteni wa maji unapita, madumu yanagongana.
Binti mwenye miwani anasubiri kelele ziishe.
"Na kikombe, Bibi?"
Kila kitabu, anasema, mtu anaandaa kahawa
na kikombe kimoja kinazidi.
Mwalimu wao amesema ni uhuru usiofika.
Mwingine ameandika kuwa ni mauti.
Nimeinuka kutafuta mahamri.

Tulikuwa watatu: yeye, mimi na Nuru.
Kabla ya Nuru kulikuwa na siku tisa.
Mfungo Sita, siku tisa tu.
Ya saba tulimnyoa, tukampa jina,
na babake, mpimaji wa magunia,
akazipima nywele zile ili atoe sadaka ya fedha.
Mizani haikutikisika.

Hilo hakuliandika popote.
Wala hakunirekebisha, miaka ile yote,
jioni nilipokosea nikatoa vikombe vinne.
Alikijaza cha nne nusu, akakiacha kipoe,
akarudi kwenye karatasi zake.

Nimerudi na mahamri. Andikeni, nawaambia, mjane hajui.
Wanaandika: hajui.
Wameshukuru, wamevaa viatu, wamekwenda kuwahi basi.
Wageni wanne, na mimi.
Naosha vikombe sita.