Inchi Mbili

Baba hakutaka.
Alisema gari likilainika na dereva hulainika,
na bonde la Palena halina huruma na walaini.
Miaka kumi na tisa amekalia yale mabapa sita ya springi,
chuma juu ya chuma, kutu juu ya kutu,
akiisoma barabara kwa makalio:
hapa kokoto, hapa daraja la mbao,
hapa shimo la Edelmira
(ng'ombe wake ndio waliolichimba, asikudanganye mtu).

Lakini nyuki hawakuichagua ile pikapu.
Februari ya mwaka juzi, miulmo imechanua,
mlima mzima mweupe kama umemwagiwa unga,
tulipandisha mizinga ishirini na minne,
tukafika na ishirini na mmoja.
Mitatu iliachia viungo njiani.
Masega yamelala, asali imechanganyika na mabuu,
na malkia mmoja nilimkuta
baina ya fremu na fremu, bapa kama muhuri.
Baba alivua kofia.
Usiku nikamsikia akihesabu fedha ndani ya kopo,
anafika mwisho, anaanza upya.

Juni, mvua ikiponda bati,
tuliiegemeza pikapu juu ya magogo.
Boliti ya kwanza ilikataa.
Nikaimiminia mafuta, nikaisubiri,
nikaibembeleza, nikaitukana.
Baba akaleta bomba refu kuliko mimi, akauvisha mpini wa spana,
tukaning'inia wawili kama nguo kwenye kamba
mpaka ikalia: mlio mfupi,
kama mtu mzima anayekiri kosa.

Shokamzoba za zamani zilikuwa tupu.
Nilizisukuma kwa kidole gumba, zikaingia, hazikurudi.
"Hizi zilikufa lini?"
"Hazikuniaga," akasema baba.

Mpya zilikuja kwa pantoni kutoka Puerto Montt,
na bushi za mpira zinazonuka duka la viatu,
na springi za mabapa tisa, nyeusi, hazijawahi kuliona vumbi.
Tulipoishusha gari ilikuwa imepanda inchi mbili.
Baba akapima kwa fito, akapima tena,
kama anayempima mtoto
aliyerefuka bila kumwomba ruhusa.
Edelmira akapita na maziwa yake:
"Rosamel, gari lako limevaa viatu vya kisigino!"

Tukaijaribu, haina mzigo.
Ikaruka kama mbuzi.
Kichwa cha baba kikagonga paa mara mbili kabla ya kanisa,
na mara ya tatu mbele ya kanisa, watu wakitoka misa.
"Ndio ulaini ulionunua huu?"
Kosa langu. Niliagiza springi za kubeba tani nzima,
akili yangu iko Februari, iko kwenye mizinga,
nikasahau kuwa gari nalo lina siku zake tupu,
na siku tupu ndizo nyingi.

Jumapili iliyofuata tukafungua tena.
Tukatoa bapa moja, tukasita, tukatoa la pili.
Moja sasa ni komeo la banda la kuku.
La pili liko chini ya kitanda cha baba;
sijamuuliza.

Kisha miulmo ikachanua.
Tukapakia alfajiri, nyuki wakiwa wazito wa baridi,
kamba nne, turubai, na kimya cha baba.
Matuta yalipita chini yetu
kama maneno ya watu walio chumba cha pili.
Juu, kabla hajafungua kamba hata moja,
alitega sikio kwenye mzinga wa nyuma kabisa,
ule wa pembeni, unaoteswa kuliko yote.
Muungurumo uleule wa asubuhi.
Akahesabu. Ishirini na minne.
Akahesabu kwa sauti, nisikie.

Tulipokuwa tukirudi alikanyaga breki ghafla,
akarudisha gari nyuma, polepole, kichwa nje ya dirisha.
"Umeangusha nini?"
"Shimo la Edelmira," akasema.
"Tumelipita bila kusalimiana."