Kabla ya Geti la Manyovu

Butoyi, weka begi chini kwanza unisikilize.
Gari la Manyovu hupita Mwandiga kungali giza,
na dereva hamsubiri mtu aliyerudi ndani kufuata kitana.

Kadi ya manjano iwe juu, si chini ya nguo.
Ile ya chanjo, uliyochomwa Maweni mkono ukavimba siku mbili.
Wataiomba kabla hawajaomba jina.
Hati ya safari ifunge kwa leso:
mvua ya Buhigwe haibishi hodi,
na mhuri uliolowa ni ugomvi.

Dirishani usicheke mno, wala usinune.
Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema, "Kutembea."
Neno moja. Ukianza na "ni hadithi ndefu"
afisa atavuta kiti,
na foleni nzima nyuma yako itakuchukia.

Usibadilishe fedha zote.
Wale vijana wenye mabunda ya faranga
vidole vyao vina mbio kuliko macho.
Hesabu mwenyewe, polepole, mgongo ukutani.
Bakiza shilingi za kurudia.
Nasema tena: za kurudia.

Ukivuka, rudisha saa nyuma, saa moja nzima.
Utakuwa umefika kabla hujaondoka, kidogo.
Na magari kule hushika kulia,
kwa hiyo tazama kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena,
halafu mshike mkono mama yeyote anayevuka.

Lugha isikutie hofu, Kiha chako kitatosha.
Watasema unakipinda,
nawe utasema wanakinyoosha mno.
Mpaka ulipita katikati ya neno:
nusu ikabaki Heru, nusu ikaangukia Makamba.
Ukitaja jina lako hawataliuliza maana.
Watauliza, "Na Bukuru yuko wapi?"
Jibu: amebaki na duka.

Mabanda, Makamba, kisha teremka mpaka Nyanza-Lac.
Hapo utaliona ziwa, lile lile la Kibirizi.
Mgebuka wetu wao humwita mukeke.
Usibishane. Kula.
Mawese usibebe, wanayo yao.
Beba chumvi ya Uvinza, kilo mbili,
zikizidi forodha watakuita mfanyabiashara.

Uliza fundi baiskeli
aliyerudi kutoka Mtabila mwaka ule kambi ilipofungwa,
mwenye kidole cha shahada kisichokunjika.
Usimwite baba papo hapo.
Mpe chumvi kwanza.
Akiionja kwa ncha ya ulimi, akafumba jicho moja,
ndiye.

Utaniuliza haya nimeyajuaje.
Mara tatu nimefika pale getini,
kwenye bomba la chuma lililopakwa nyekundu na nyeupe.
Mara ya kwanza kadi niliisahau juu ya kabati.
Mara ya pili nilichelewa, wakafunga, nikalala kwenye benchi la mama muuza uji
na asubuhi nikajiambia duka halina mtu.
Mara ya tatu kila kitu kilikuwa sawa.
Afisa alinipa kalamu: "Andika jina la unayemtembelea."
Nikaandika herufi ya kwanza.
Kalamu haikuwa na kasoro, Butoyi.
Mimi ndiye niliyeishiwa wino.
Nikamshukuru, nikarudi na lori la ndizi,
na wewe nikakuambia barabara imekatika.

Haikukatika.

Ya ng'ambo yote nimeyaokota kwa madereva,
kwa hiyo hilo la magari kushika kulia
usiniamini mimi, amini macho yako.
Kidole hicho nakikumbuka mwenyewe.
Kilikuwa kikinionyesha nyota, kimenyooka,
hata alipotaka kukikunja.

Nenda sasa, honi hiyo.
Nauli ya akiba iko ndani ya soksi ya kushoto.
Ukishavuka nipigie,
ya mzee usinieleze kwanza.
Niambie tu huko kwenu ni saa ngapi.